Je, Wajua? Mkato Mdogo Kwenye Mizani ya Kamituga

Je, wajua kwamba gramu 1 ya dhahabu haigawanyiki sawasawa kwa watu 7?

Tuanzie Kamituga, mji wa wachimbaji ulio kilomita zipatazo 180 kutoka Bukavu, katika wilaya ya Mwenga, jimbo la Kivu Kusini. Enzi za Wabelgiji dhahabu yake ilichimbwa na kampuni ya MGL, ikafuata SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976. Mwaka 1982 serikali iliruhusu raia kuchimba wenyewe, na tangu hapo mji umekuwa ukiishi kwa nyundo, patasi na mizani. Kila siku kuna watu wanaogawana kitu kisichofikia ukubwa wa punje ya hindi.

Tuseme wachimbaji 7 wametoa gharama zote, wamebaki na gramu 1 kamili. Mwenye daftari anaanza. Saba haiingii katika 1, kwa hiyo anaandika 0 na kuweka mkato. Ile 1 sasa ni sehemu 10 za kumi. Kumi kwa 7 ni 1, baki 3. Thelathini kwa 7 ni 4, baki 2. Ishirini kwa 7 ni 2, baki 6. Sitini kwa 7 ni 8, baki 4. Arobaini kwa 7 ni 5, baki 5. Hamsini kwa 7 ni 7, baki 1. Amerudi alipoanzia! Kuanzia hapo tarakimu zitajirudia bila mwisho: 0,142857142857…

Haikuwa bahati mbaya. Ukigawa kwa 7, baki lisipokuwa 0 haliwezi kuwa jingine ila 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Hatua ya saba ikifika bila hesabu kuisha, lazima baki mojawapo lijirudie, na likijirudia kila kitu kinajirudia nalo. Tazama pia uzuri huu: 2 kwa 7 ni 0,285714…, 3 kwa 7 ni 0,428571… Ni tarakimu zilezile 6 zinazozunguka kama watoto kwenye duara, kila mara akianza mwingine.

Lakini mizani haina muda wa kuzunguka. Mizani nzuri ya mfukoni husoma hadi 0,01, basi kila mmoja hupata 0,14. Zidisha kwa 7 upate 0,98. Imebaki 0,02. Gramu ikiwa dola 100, hiyo ni dola 2 zilizolala kwenye kitanga cha mizani zikiwa kama vumbi. Nani anazichukua? Nashauri kikundi kiamue kabla ya kupima: baki liende kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Dhahabu ile imetoka mahali ambapo, tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa iliporomosha machimbo yaitwayo Detroit hapohapo Kamituga na watu wapatao 50 wakahofiwa kufa. Kitu kilichopatikana kwa hatari hiyo kinastahili kugawanywa hadi chembe ya mwisho.

Wachimbaji wetu wangekuwa 8, kusingekuwa na ubishi: 1 kwa 8 ni 0,125, imeisha. Siri ni kwamba mfumo wetu umejengwa juu ya 10, na 10 ni 2 mara 5. Namba iliyojengwa kwa 2 na 5 peke yake, kama 4, 5, 8, 16, 20 au 25, hugawa 1 ikaisha. Ikiingia 3 au 7 au 11, haiishi kamwe.

Je, wajua kwamba mtoto wa Kamituga na mtoto wa Kigoma huandika hesabu moja kwa sura mbili?

Umeona hapa naandika 0,14 kwa mkato. Ndivyo wanavyoandika Kongo, waliofuata shule ya Kibelgiji, na katika kusoma mkato huo huitwa kwa Kifaransa, virgule. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtoto wa Kigoma ataandika 0.14 na kusema «sifuri nukta moja nne». Mfanyabiashara akivuka na daftari lake ajihadhari: kwa mazoea ya Kifaransa nukta huweza kutenga maelfu, na kwa mazoea ya Kiingereza mkato hufanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo 1.250 inaweza kuwa moja na robo kwa mmoja, na elfu moja mia mbili hamsini kwa mwingine. Ndiyo maana katika ukurasa huu sijatenga maelfu kwa alama yoyote.

Hata nyumba ya kugawanyia ni tofauti. Tanzania na Kenya namba inayogawa hukaa kushoto, inayogawanywa hukaa chini ya paa, na jibu hupanda juu ya paa. Kongo huchorwa msalaba usio na mkono wa kushoto: inayogawanywa kushoto, inayogawa kulia, jibu chini ya ile inayogawa. Mtoto aliyehama na wazazi wake hudhaniwa hajui kugawa, kumbe anajua vizuri. Amezoea mlango mwingine tu.

Je, wajua kwamba rupia ya zamani bado inapima dhahabu mashariki mwa Kongo?

Wanunuzi wa Kamituga na Bukavu huzungumza kwa gramu na pia kwa tola. Tola ni uzito wa Kihindi. Mwaka 1833 Waingereza waliotawala India waliuweka rasmi kuwa punje 180 za kipimo chao, yaani gramu 11,6638, na rupia ya fedha ikawa na uzito huohuo. Rupia ilitembea pwani yote ya Afrika Mashariki, Zanzibar, Mombasa, Bagamoyo, na Wajerumani nao walipotengeneza rupia yao mwaka 1890 waliipa uzito uleule.

Sasa sikiliza. Wakia ya dhahabu, ile inayotajwa redioni bei ya dunia ikisomwa, ni punje 480. Gawa 480 kwa 180: unapata 2,6666… isiyoisha. Mtu akitaka bei ya tola kutoka bei ya wakia, anagawa kwa namba yenye mkia usioisha. Wakia ikiwa dola 3000 na mtu akaamua kurahisisha, akagawa kwa 2,7, atapata dola 1111,11 kwa tola. Lakini wakia 3 ni tola 8 kamili, bila hata chembe kuzidi. Basi zidisha 3000 kwa 3, gawa kwa 8: dola 1125. Ule urahisishaji ulikuwa umekula karibu dola 14 katika kila tola.

Hili napenda walimu walishike sana. Desimali inayokataa kuisha mara nyingi ni sehemu nyepesi iliyovaa nguo nzito. Ivue nguo kabla hujaanza kugawa.

Na kwa kuwa tumetaja rupia: maneno «pesa» na «hela» yalikuwa vipande vyake. Rupia ya Wajerumani iligawanywa mwanzo kuwa pesa 64, na kila pesa ilikuwa 0,015625 ya rupia. Jaribu kukokotoa riba kwa namba hiyo sokoni! Mwaka 1904 wakahamia kwenye mia: rupia 1 ikawa heller 100, kila moja 0,01. Heller ikawa hela midomoni mwa watu, rupia ikafa, hela ikabaki hadi leo.

Je, wajua kwamba Kongo iliwahi kuigawa sarafu yake kwa milioni 3?

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilianzisha zaire, yenye makuta 100, na kila likuta lenye sengi 100. Zaire 1 wakati huo ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mfumuko wa bei uliila mpaka Desemba 1992 ikatolewa noti ya zaire 5000000. Watu waliikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo walizusha ghasia Kinshasa. Mwaka huohuo ikaja zaire mpya: moja mpya kwa milioni 3 za zamani.

Kwa nini 3, namba inayozaa desimali isiyoisha? Noti ya milioni 5 ilikuwa na thamani ya zaire mpya 5 kwa 3, yaani 1,6666… Ukilipwa 1,66 kwa makuta mapya, zaire 20000 za zamani zimeyeyuka katika kuandika tu. Halafu mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100000. Safari hii kazi ilikuwa rahisi, ni kusogeza mkato nafasi 5 kushoto. Ukiunganisha hatua zote mbili, franka 1 ya mwaka 1998 ilimeza zaire bilioni 300 za mwanzo.

Franka hiyo ilizaliwa na noti za sentimu 1, 5, 10, 20 na 50, ile ya 50 ikiwa na picha ya okapi. Siku hizi dola 1 ni zaidi ya franka 2000, na sentimu zimebaki kwa wakusanyaji. Mtoto wa Kamituga hukutana na mkato darasani na kwenye mizani, lakini si kwenye noti. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya desimali kuonekana ngeni kwake: kizazi cha bibi yake kilishika sengi mkononi, chake hakina senti ya kushika.

Je, wajua kwamba kugawa kunaweza kuongeza?

Hapa ndipo watoto wengi hukwama, na watu wazima pia. Tumefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kugawa ni kupunguza: maembe 12 kwa watoto 4, kila mmoja 3. Kisha siku moja mwalimu anaandika 42 kwa 0,6 na jibu linatoka 70. Kimetoka wapi kilichozidi?

Twende kwa mama twangaise. Neno lenyewe ni zuri mno: Kiswahili «kutwanga» kilichovishwa mkia wa Kifaransa, na ndivyo wanavyoitwa wanawake wa Kamituga wanaotwanga mawe ya dhahabu katika vinu vya chuma hadi yawe unga. Ametwanga, ameosha, amebaki na 0,6 g. Mnunuzi anaweka chembe upande mmoja wa mizani. Upande wa pili, katika machimbo mengi ya mashariki mwa Kongo, vipimo vidogo vimekuwa vikifanywa kwa sarafu za zamani na njiti za kiberiti, njiti moja ikihesabiwa kama 0,1 g. Anaweka ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Mkono wa mizani unatulia. Hapo tayari amegawa: 0,6 kwa 0,1 ni 6. Jibu ni kubwa kuliko namba zote mbili, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mtu ameziona njiti. Kugawa hapa ni kuuliza swali jingine: hiki kidogo kimeingia mara ngapi ndani ya kile?

Mama analipwa dola 42. Je, ameuza gramu kwa bei gani? Ni 42 kwa 0,6. Kugawa kwa 0,6 kunatisha, basi tuwaite akina mama 9 wengine, kila mmoja na 0,6 g yake na dola 42 zake. Wote 10 kwa pamoja wana gramu 6 na dola 420. Bei haijabadilika kwa sababu wamesimama pamoja. Na 420 kwa 6 kila mtu anajua: 70.

Hiyo ndiyo kanuni nzima ya kugawa desimali. Kitabu husema «sogeza mkato wa namba inayogawa hadi iwe nzima, na usogeze mkato wa inayogawanywa nafasi zilezile». Mtoto hukariri kama sala na kusahau kama ndoto. Lakini akiwaona akina mama 10 wamesimama na dhahabu yao, hatasogeza upande mmoja akauacha mwingine, kwa sababu ataona wazi kwamba umeita dhahabu ya watu 10 ukaacha pesa za mmoja. Ikiwa inayogawa ni 0,25, ita watu 100. Kwa mfano, 7,5 kwa 0,25 ni 750 kwa 25, jibu 30. Mkato wa kushoto uliishiwa na tarakimu, tukaongeza sifuri. Hapo ndipo ni rahisi kukosea.

Na yule mama? Akijua kwamba ameuza kwa dola 70 huku gramu ikinunuliwa 100 kwa jirani, kesho atakwenda kwa jirani.

Je, wajua kwamba aliyeeneza desimali Ulaya alizaliwa katika nchi iliyokuja kutawala Kongo?

Simon Stevin alizaliwa Bruges, iliyo Ubelgiji ya leo. Mwaka 1585 alichapisha Leiden kijitabu chembamba kiitwacho De Thiende, maana yake «ya kumi», akakielekeza kwa wapima ardhi, wapima vitambaa, wafanyabiashara na wasimamizi wa kutengeneza sarafu. Hakutumia mkato wala nukta. Alizungushia duara tarakimu ndogo kuonyesha nafasi.

Lakini wa kwanza hakuwa yeye. Al-Kashi wa Samarkand alizieleza desimali kwa ukamilifu mwaka 1427. Kabla yake sana, mwaka 341 Hijria, yaani 952 au 953, al-Uqlidisi aliandika Damascus kitabu cha hesabu ambamo aliigawa 19 kwa 2, akarudia hivyo hadi mara ya 5: 9,5; 4,75; 2,375; 1,1875; 0,59375. Aliweka alama juu ya tarakimu ya mamoja kuonyesha namba nzima inapoishia. Lugha ya mtu huyo imetuachia nusu, robo, thuluthi na thumni. Imetuachia pia ushuru, neno lililotokana na lile la Kiarabu la sehemu ya kumi. Kila anayelipa ushuru kwenye kizuizi anatamka, bila kujua, jina la nafasi ya kwanza baada ya mkato.

Na kugawa kwenyewe huenda ni kwa kale zaidi. Kaskazini ya Kamituga, pale Ishango ambapo mto Semliki unatoka Ziwa Edward, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mikwaruzo iliyopangwa kwa safu tatu. Una umri unaokadiriwa kuwa miaka 20000. Katika safu moja kuna 3 kando ya 6, 4 kando ya 8, na 10 kando ya 5. Wataalamu wanabishana kama ni hesabu, kalenda au mikwaruzo ya kushikia mpini. Mimi nikiitazama ile 10 na ile 5 naona mtu anayejaribu kugawa nusu kwa nusu. Mfupa huo uko Brussels.

Je, wajua kwamba maji yanaweza kufichua dhahabu iliyochanganywa?

Pima kipande hewani, kisha kipime kikiwa kimening'inia ndani ya maji. Gramu zilizopungua ni sawa na ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito wa hewani kwa kilichopungua. Dhahabu safi hutoa 19,3. Tuseme kipande ni 11,7 g na majini kimepungua 0,65. Ita watu 100: 1170 kwa 65 ni 18. Kina mchanganyiko, labda fedha au shaba. Lakini mtu akisoma 0,60 badala ya 0,65, atapata 19,5, kizito kuliko dhahabu safi yenyewe, jambo lisilowezekana kwa dhahabu iliyochanganywa na fedha au shaba. Namba inayogawa ikiwa ndogo, kosa dogo ndani yake hufura katika jibu.

Je, wajua kwamba ile «preuve par neuf», yaani uhakiki kwa tisa, haiuoni mkato?

Waliosoma Kongo wanaikumbuka: baada ya kugawa unachora msalaba na kujumlisha tarakimu. Chukua 8,74 kwa 2,3, jibu 3,8. Jibu: 3 na 8 ni 11, 1 na 1 ni 2. Inayogawa: 2 na 3 ni 5. Zidisha 2 kwa 5, pata 10, yaani 1. Inayogawanywa: 8 na 7 na 4 ni 19, 1 na 9 ni 10, yaani 1. Moja na moja, zimekubaliana. Ni njia ya karne nyingi, na bado inafaa.

Sasa mtoto mwingine ameandika jibu 38. Tarakimu ni zilezile, msalaba unakubali. Wa tatu ameandika 0,38. Msalaba unakubali tena. Kati ya hao watatu mmoja amelipwa sawa, mmoja amelipwa mara 10, mmoja amelipwa sehemu ya kumi, na kipimo chao kimewapa wote vema.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kalamu, mtoto aseme kwa sauti: 8,74 ni karibu 9; 2,3 ni zaidi kidogo ya 2; jibu litakuwa karibu na 4. Akishalisema hilo, 38 ikitokea kwenye karatasi ataikataa mwenyewe, kabla mwalimu hajafika na kabla mnunuzi hajafungua droo ya pesa.